Barua Kumi na Moja Zisizotumwa

Mpwa wangu wa kike alimaliza shahada ya uhasibu mwaka juzi. Tangu hapo anaishi kwetu Mbagala, na ukimuuliza anafanya nini siku hizi, jibu lake ni moja: "Natafuta kazi, mjomba." Niliamini. Kila jioni nilimwona ameinamia kompyuta, anafuta sentensi, anaiandika upya, anaifuta tena. Siku moja printa ya steshenari ya jirani ikaharibika, akanipa flashi nimchapishie wasifu wake ofisini kwangu. Ndani nikakuta folda inaitwa KAZI, na kwenye folda barua za maombi kumi na moja: benki, kampuni ya bima, kiwanda cha saruji, halmashauri mbili, shule ya binafsi iliyotaka mhasibu msaidizi, na nyinginezo. Zimeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Jioni ile nikamuuliza, kati ya hizi umetuma ngapi? Akaangalia sakafu. Hata moja, na tarehe za mwisho zilikuwa zimepita zote.

Hakusema anaogopa. Sijawahi kukutana na kijana anayesema hivyo. Alinipa hoja, tena moja baada ya nyingine, kama wakili aliyelipwa vizuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu ya kukataliwa haijitambulishi kwa jina lake. Inaingia kama mtu mzima mwenye busara zake, inavuta kiti, inaanza kukushauri. Na ushauri wake si uongo mtupu. Kila hoja ina punje ya kweli katikati, ndiyo maana inanata.

Nimezikusanya hoja zake pamoja na za vijana wengine niliowasikia. Nazijibu hapa, nikianza na ile kubwa.

"Nafasi zote zina wenyewe"

Undugunaizesheni upo, na sitapoteza wino kubishana na jua. Kimemo nimewahi kukiona kwa macho yangu: kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, maneno matatu tu, "Msaidie kijana huyu," bila jina la aliyeandika, kwa sababu mwandiko wake unajulikana. Kijana aliyekileta alipata kazi. Anayewaambia wahitimu kwamba kila mlango unafunguka kwa haki anawadanganya.

Lakini angalia hoja hii inavyoruka. Inaanzia "baadhi ya nafasi zina wenyewe", inatua kwenye "zote zina wenyewe", na katikati hapakujengwa daraja. Mpwa wangu hajawahi kukataliwa hata mara moja, maana hajawahi kuomba. Ushahidi wake wote ameupata kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu. Makundi hayo nayajua. Aliyekosa kazi hukaa humo akieleza kwa nini amekosa, na aliyepata alishajitoa kwenye kundi mwezi uliopita. Ukikaa humo mwaka mzima utaapa kwamba nchi hii hakuna aliyewahi kuajiriwa.

Chukua ajira za serikali, ambazo ndizo hasa watu huzinyooshea kidole. Nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Tangazo hutoka hadharani, unaomba kwa mtandao, majina ya wanaoitwa kwenye usaili yanachapishwa kila mtu ayaone, kisha unakaa mtihani wa mchujo wa kuandika kabla hujaonana na mtu wa kukuhoji. Sisemi mfumo huo hauna nyufa. Nasema kwamba zamani kimemo kilikuwa kinavuka korido moja tu na kufika. Leo kina safari ndefu zaidi, na njiani kuna karatasi ya mtihani.

Halafu kuna kujuana kwa aina ya pili, ambako watu hukuchanganya na kimemo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, walizipataje kazi hizo. Zaidi ya nusu walizipata kupitia mtu wanayemjua. Mpwa wangu angeishia kusoma hapo na kusema, unaona? Lakini Granovetter aliendelea kuuliza: mtu huyo mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema "mara kwa mara" hawakufika mmoja kati ya watano. Waliobaki walimtaja mtu wa kukutana naye mara mojamoja au kwa nadra, waliyewahi kufanya naye kazi zamani, au waliyepotezana naye kwa miaka. Sababu yake haihitaji usomi. Ndugu na rafiki wa chumba kimoja wanazijua habari zilezile unazozijua wewe. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali, na mara nyingi msaada wake wote ni sentensi moja: nimesikia pale wanatafuta mhasibu.

Sasa nikamuuliza mpwa wangu, nani anajua kwamba unatafuta kazi? Mimi, mke wangu, na mama yake aliyeko Iringa. Mhasibu aliyemsimamia alipokuwa fildi hajui. Wenzake wa kwaya hawajui. Wanadhani anasubiri "mambo fulani". Mwenye steshenari, ambaye kwa siku huhudumia watu wa ofisi kumi tofauti, hajui. Anaona aibu kusema. Kwa hiyo analalamika kwamba hana watu, na papo hapo anawaficha watu alionao. Mjomba anaye, ndiye mimi, na sina hata stuli ya kumpa.

"Wakinikataa, maana yake sifai"

Hii ndiyo inayouma, na ndiyo inayoanguka haraka ukiipigia hesabu.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Tuseme, kwa mfano tu, wote hao wangekuwa na daraja la kwanza, wote hodari, wote waaminifu kama mizani ya dhahabu. Bado watu 133,431 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa kila aliyepata, zaidi ya themanini wangekosa, na kukosa kwao kusingesema lolote kuhusu kufaa kwao. Kungesema kwamba viti vilikuwa 1,596.

Mwenye kumbukumbu atakumbuka pia Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipofanyia usaili ndani ya Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa sasa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Zaidi ya watu 10,000 walikaa kwenye viti vya mashabiki kuzigombea nafasi 70. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Wengi walizicheka, wengine walizisikitikia. Mimi nilichokiona ni uwanja uliojaa watu ambao karibu wote wangekataliwa kabla hata hawajashika kalamu, kwa sababu ya kugawanya tu.

Ofisi ndogo nazo zina bahati nasibu zao. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nisaidie kuchambua maombi ya karani mmoja wa stoo, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Bahasha zilijaza maboksi mawili ya karatasi. Tulianza saa tatu asubuhi, na kila moja tuliisoma mpaka mwisho. Kufika saa nane mchana, kabla chakula hakijaja, tulikuwa tunasoma aya ya kwanza tu. Sijivunii hilo, naeleza kilichotokea. Tukampata mtu, akaanza kazi. Wiki tatu baadaye, tunahamisha maboksi, tukakuta bahasha mbili zimegandana kwa gundi yake, na ya chini haikuwahi kufunguliwa. Tukaifungua. Alikuwa dada mmoja wa Morogoro mwenye cheti cha ugavi na miaka miwili ya kukaa stoo ya hospitali. Alikuwa mzuri kuliko tuliyemchukua. Huyo dada, popote alipo, huenda aliwaambia watu kwamba alikataliwa. Gundi ndiyo iliyomkataa.

Hapa lazima niwe mkweli na upande wa pili. Kuna kukataliwa kunakosema jambo. Kwenye maombi yale ya TRA, waliokidhi vigezo vya kuitwa walikuwa 112,952. Toa kwenye jumla, unabaki na watu 22,075 walioangukia kwenye makaratasi kabla hawajaulizwa swali hata moja. Yeyote aliyewahi kusoma matangazo ya ajira za serikali anajua mitego ya hatua hiyo: aliyeambatisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, aliyesahau kusaini barua, ambaye jina la cheti cha kuzaliwa ni moja na la chuo ni jingine na hana kiapo cha kuyaunganisha, aliyesoma nje na hakuthibitisha vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Mitihani (NECTA). Kasoro za namna hiyo hazina uhusiano na akili ya mtu wala thamani yake, na zinarekebishika, nyingine kwa alasiri moja tu na wakili wa kugonga muhuri. Kama umekataliwa kwa sababu hiyo, shukuru, maana ni kukataliwa kwa nadra kunakokuonyesha pa kushika.

"Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu"

Wakati mwingine ni kweli, na hapo usiombe. Kwenye utumishi wa umma sharti ni sharti. Ukiandikiwa miaka mitatu, mfumo hautakuhurumia. Lakini vijana wengi hawasomi tangazo lenyewe, wanasoma kichwa chake. Nafasi za Daraja la II, kwa kada nyingi, ndizo za kuanzia. Zinataka cheti na sifa zilizotajwa, na uzoefu haumo. Mpwa wangu alikuwa ameziruka nafasi mbili za namna hiyo kwa sababu neno "Afisa" lilimtisha.

Kampuni binafsi ni habari nyingine. Pale miaka mitatu mara nyingi ni ndoto ya mwajiri. Anaandika anachokitamani, kisha anachukua aliyejitokeza. Sikushauri udanganye, uongo kwenye wasifu una tabia ya kurudi siku mbaya. Nakushauri uhesabu vizuri ulichonacho. Nilimuuliza mpwa wangu ana uzoefu gani, akasema hana. Nikamkumbusha kwamba ndiye aliyekuwa mhazini wa kamati ya harusi ya kaka yake. Alipokea ahadi za watu zaidi ya mia moja, akazifuatilia kwa simu, akatunza fedha za M-Pesa na za taslimu kwenye daftari moja, akalipa ukumbi, mpishi na MC kwa awamu, na siku ya kuvunja kamati akasoma hesabu mbele ya wazee, zikafunga bila shilingi kupotea. Mwenye kujua kamati za harusi za Dar es Salaam anajua kwamba wapo wahasibu wenye vyeti vikubwa ambao hawajawahi kuvuka mtihani huo. Kwenye barua zake kumi na moja, hilo halikutajwa popote. Na wiki nane za fildi aliziandika kwa mstari mmoja mwembamba, kama anayeomba radhi.

Kuna pia njia ya utarajali, ambayo serikali iliiwekea mwongozo wake mwaka 2017 ili wahitimu wakae makazini wapate uzoefu. Posho yake ni ndogo au haipo kabisa, na kwa anayelipa nauli ya kutoka Mbagala kila siku hilo si jambo dogo. Sisemi ni rahisi. Nasema ipo.

"Bila kutoa chochote hupati"

Hii sitaizungushia maneno. Anayekuomba hela ya fomu, hela ya kumpa bosi soda, au hela ya kupimwa afya kabla hujaona barua ya ajira, ni tapeli, na kazi hana. Kuomba ajira serikalini hakulipiwi. Anayekuomba mwili wako anatenda kosa la jinai: rushwa ya ngono imetajwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Nafahamu kwamba kuripoti kunahitaji moyo. Lakini kuacha kuomba kazi kwa sababu huenda utakutana na mtu kama huyo ni kumpa ushindi kabla hajakuona.

"Kimya chao ni jibu"

Mwaka 2003 nilipeleka barua kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, wakati ule tukiiita Pugu Road. Bahasha ya kaki, nakala zimegongwa mihuri, kila kitu. Mlinzi wa getini akaipokea, akasema ataifikisha kwa afisa utumishi. Nikasubiri wiki mbili. Kimya. Nikajiambia, wamenikataa, na nikaanza kutafuta sababu: matokeo yangu ya hesabu, mwandiko wangu, mpaka jina langu. Wiki ya tatu nikapata ujasiri wa kupita kuuliza. Nikamkuta mlinzi yuleyule kwenye kiti chake, joto la Februari, anajipepea kwa bahasha yangu.

Tangu siku hiyo siwezi kuheshimu tafsiri yoyote ya kimya. Kimya kinaweza kuwa ni hapana. Kinaweza pia kuwa mlinzi, gundi, bajeti iliyosogezwa mbele, au afisa utumishi aliye likizo ya uzazi. Serikalini kimya kina hata jina: kanzidata. Mtu anafaulu usaili, nafasi zinakwisha kabla hajafikiwa, jina lake linahifadhiwa, na baada ya muda anaona limetoka kwenye orodha ya kupangiwa vituo vya kazi. Kabla ya hapo alikuwa ameshawaambia majirani kwamba amefeli.

Subiri wiki mbili, kisha piga simu moja ya heshima au tuma barua pepe ya mistari mitatu. Usipige kila siku. Ukiambiwa hapana, sasa umejibiwa.

"Watanicheka"

Mtu akikuambia kwamba kuogopa kukataliwa ni utoto, mpuuze. Maumivu yake yana mizizi. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wawili walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science. Waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo na kuwachezesha mchezo wa kurushiana mpira kwenye skrini. Baada ya muda wachezaji wengine wawili wakaacha kumrushia mpira aliyemo kwenye mashine. Basi, hayo tu. Hakuna aliyetukanwa wala aliyepigwa. Lakini eneo mojawapo la ubongo lililochangamka ni lile ambalo huhusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili. Wataalamu wenzao wamebishana nao juu ya tafsiri hiyo tangu wakati ule, ila yeyote aliyewahi kubaki peke yake ukutani timu za mpira wa chandimu zikigawanywa hahitaji mashine kumthibitishia.

Kwa hiyo kuumia kupo. Swali ni hao wachekaji: ni akina nani hasa, na watajuaje? Barua pepe ya "tunasikitika kukufahamisha" inakuja kwenye simu yako, ambayo ina nywila. Ukikosa kazi uliyoomba na ukikosa kazi usiyoomba, mtaani unaonekana uleule, kijana aliyeko nyumbani saa nne asubuhi. Tofauti ya hao wawili unaijua wewe peke yako. Na jirani anayeuliza "vipi, bado?" mara nyingi ana mwanawe ndani ambaye naye bado.

Wazazi wanastahili lawama kidogo hapa. Tunawauliza watoto "umepata?" kila Ijumaa. Hatuwaulizi "umeomba wapi wiki hii?" Swali la kwanza mtoto hana jibu lake, kwa sababu halimo mikononi mwake. La pili analo. Mimi mwenyewe nilikuwa nauliza la kwanza kwa miezi kumi na minne.

"Kuajiriwa ni utumwa, bora nijiajiri"

Wapo wanaojiajiri na wanafanya vizuri, na ninawavulia kofia. Sina ugomvi na duka. Lakini wengi wanaohubiri "vijana jiajirini" kwenye makongamano wanapokea mshahara tarehe ishirini na tano. Na kijana anayesema hivi bila mtaji, bila bidhaa, bila hata jina la biashara anayoiwaza, mara nyingi hajachagua kujiajiri. Amepata tu neno zuri la kufunikia folda. Kipimo ni chepesi: anayejiajiri kweli utamkuta Kariakoo anauliza bei. Tena biashara haina nafuu ya kukataliwa; muuza mitumba hukataliwa mara nyingi zaidi kabla ya adhuhuri kuliko mwombaji kazi kwa mwaka.

"Kwanza nijiamini, kisha nitaomba"

Hii haikutoka kwa mpwa wangu. Ilitoka kwa wahamasishaji wake, wale wa video fupi wenye suti za bluu na muziki wa piano nyuma. Wanamwambia ajiangalie kwenye kioo na kusema "mimi ni mshindi". Alikuwa anafanya hivyo, masikini, bafuni, na mimi nilidhani anaongea na simu.

Kosa la ushauri huu ni mpangilio wake. Unaweka ujasiri mlangoni kama kiingilio, na asiye nao asiingie. Kwa uzoefu wangu, ujasiri wa kuomba kazi haujawahi kutangulia maombi. Huja baada ya ombi la nne au la tano, na hauji kama nguvu, huja kama kuzoea. Dereva bodaboda hakungoja hofu ya Barabara ya Kilwa iishe ndipo apande pikipiki. Alipanda na hofu yake, na siku fulani akagundua kwamba haiko tena nyuma yake kwenye kiti.

Tukakubaliana jambo dogo, mimi na mpwa wangu. Tuache kuhesabu kazi alizopata, ambazo haziko mikononi mwake. Tuhesabu barua zilizotoka. Mbili kila Jumatano, zikiwa nzuri au nzuri kiasi, kisha anafunga kompyuta na kwenda mazoezi ya kwaya. Jumatano ya kwanza alibonyeza kitufe cha kutuma akiwa amefumba macho, halafu akaenda kunawa uso. Jumatano ya tatu, huku anabonyeza, aliuliza kama wali umeiva.

Kukataliwa kwa kwanza kulifika asubuhi ya Jumatatu, kutoka kampuni moja ya bima. Nilimwona anasoma, nikangoja machozi. Akainua uso, na alionekana kama mtu aliyeambiwa kuna simba chumbani, akafungua mlango, akamkuta paka.

"Mjomba, ni mistari minne tu."

Alilia baadaye, kwa ile ya pili, kwa sababu aliitaka sana. Tulimwacha alie. Jumatano ilipofika akatuma mbili.

Mpaka naandika haya, ameomba mara ishirini na mbili. Amekataliwa kwa maandishi mara sita. Kumi na tatu ni kimya, na kwa tatu ameitwa kwenye usaili. Kazi bado hajapata. Ila mhasibu aliyemsimamia fildi, aliyeambiwa hatimaye kwamba binti anatafuta, amempigia simu mara mbili kumtajia sehemu ambazo hazijatangaza.

Wewe unayesoma hapa, nawe una folda yako, kwenye simu au kichwani. Ifungue leo, chagua tangazo moja ambalo tarehe yake haijapita, hakikisha barua ina sahihi na cheti ni cheti chenyewe. Usingoje usiku wa mwisho, maana mfumo huwa mzito watu wote wakiingia kwa pamoja. Tuma mchana.